Tarihi ya Kilwa kama Hoja: Ushindani wa Miji katika Maandishi ya Kale ya Pwani ya Kusini

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matini mbili za tarihi ya Kilwa, ambazo aghalabu husomwa kama nakala mbili za habari moja, ni hoja mbili zinazopingana kuhusu hadhi ya Kilwa miongoni mwa miji ya pwani.

Matini ya kwanza ni Kitab al-Sulwa, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala iliyobaki iliandikwa Unguja mwaka 1877, na S. A. Strong akaichapisha mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa Kireno ambao João de Barros aliutia katika kitabu chake cha 1552.

Katika matini ya Kiarabu, mfalme wa Shiraz na wanawe sita wanasafiri kwa majahazi saba, na kila jahazi linatia nanga mahali pake: Mombasa, Kilwa, Nzwani na kwingineko. Hapa Kilwa ni ndugu kati ya ndugu. Barros anasimulia vingine. Ali, ambaye mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, anadharauliwa na nduguze. Anafika Mogadishu na Barawa, anawakuta Waarabu wa madhehebu yasiyo yake, anaondoka kutafuta mahali pa kujitawala. Katika masimulizi haya Kilwa inazaliwa kwa kuikataa miji ya kaskazini. Barros huyohuyo anaeleza kuwa Mogadishu ndiyo iliyotangulia kufaidi dhahabu ya Sofala kabla ya Kilwa kuichukua biashara hiyo. Kwa maoni yetu, ugomvi wa madhehebu umebebeshwa ugomvi wa soko. Mjadala wa tarehe, hasa baada ya Neville Chittick kuusogeza mwanzo wa nasaba ya Kishirazi hadi mwisho wa karne ya 12, umeifunika hoja hii.

Jina la kitabu nalo lina uzito. Sulwa ni faraja, na neno hilo lina vina na Kulwa, jinsi jina la mji linavyosomwa katika Kiarabu. Vina ni ada ya majina ya vitabu vya Kiarabu, lakini si kila mtungaji huchagua faraja. Huyu aliandika baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505. Mfano wa mbali unasaidia: huko China, Chang Qu aliandika Huayang guo zhi baada ya dola ya Cheng Han, iliyotawala nchi yake ya Shu, kuangushwa mwaka 347, akiorodhesha wilaya na watu mashuhuri ili nchi yake isionekane kuwa pembezoni mwa wengine. Mtungaji wa Kilwa alitumia nasaba zaidi kuliko ardhi.

Hata hivyo, faraja ya mmoja huweza kuwa ukimya wa mwingine. Msomaji wa Mitwero, jirani na mji wa Lindi, akiifuata orodha ya majahazi saba hatakuta bandari yoyote inayotambulika ya pwani yake. Carl Velten alipochapisha mkusanyo wake mwaka 1907, Lindi, Sudi na Mikindani zilikuwa na habari zao za kale, kila mji na mwanzo wake. Habari hizo zastahili kusomwa sambamba na Sulwa, wala si kama ngano za vijijini, kwani zimesimuliwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtungaji wa Kilwa hakuichagua.