Kuchora Ndege na Maua katika Darasa la Pili

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi mwanachuo akianza somo kwa kuchora ubaoni ndege mmoja aliyekamilika na kuwaambia watoto, "Choreni kama huyu." Baada ya nusu saa hukusanya ndege arobaini wanaofanana. Andalio la somo limetimia, lakini hakuna mtoto aliyemtazama ndege.

Yafaa somo lianzie nje. Kuku hakosi karibu na shule. Watoto waulizwe: Ana vidole vingapi? Vinaelekea wapi? Watamwona kuku wa kienyeji ana vitatu mbele na kimoja nyuma. (Kasuku ana viwili mbele na viwili nyuma, ila huyo ni nadra kumpata.) Kile kiungo kinachopinda kuelekea nyuma, ambacho hata sisi walimu hukiita goti, hasa ni kifundo cha mguu, goti lenyewe limefichwa na manyoya. Mwalimu asiyelijua hilo huchora ndege asiyeweza kusimama.

Kwa ua, haibiskasi ya uani yatosha: petali tano, na katikati kijiti kirefu chenye chavua, nchani vinundu vitano. Alizeti ingoje madarasa ya juu, kwa kuwa tunachokiita ua moja ni maua madogo mengi yaliyokusanyika. Penseli zikikosekana, upo mkaa, na kijiti juu ya mchanga.

Lililo gumu zaidi ni kusahihisha. Msichana mmoja alichora kuku mwenye mayai tumboni, makubwa kwa madogo. Mwanachuo akatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, kwa sababu mayai hayaonekani. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa kukagua hatukusema neno. Tuliandika kwamba somo limekwenda vizuri. Ilhali Viktor Lowenfeld alikwisha kueleza katika kitabu chake cha 1947 kwamba watoto wa umri huo huchora wanachokijua, hata kilichofichika, kana kwamba ngozi au ukuta ni kioo.

Juma lililofuata msichana yule alinakili ndege wa jirani yake. Tulipomwuliza habari za yale mayai, alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliyaona nyumbani siku kuku wa bibi alipochinjwa, nayo yalikuwa yamepangana hivyo hivyo, makubwa kwa madogo.