Mwili Kuuma Baada ya Nusu Kaputi: Yanayofaa Kujulikana Nyumbani

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kesho yake anaamka shingo imekaza, mabega na mbavu zinauma kama mtu aliyeshinda shambani akilima. Ndugu wanaulizana: kidonda kiko tumboni, mbona mabega nayo yanauma? Wengine hudhani aliangushwa akiwa hajitambui. Huenda chanzo ni dawa ya kulegeza misuli aliyopewa pamoja na dawa ya usingizi.

Kwa nini dawa hii hutumika?

Ili mpira wa kupumulia upite kooni salama, misuli lazima ilegee. Dawa iitwayo suksamethoniamu huilegeza ndani ya dakika 1 hivi, na nguvu yake huisha baada ya dakika 5 hadi 10. Kasi hiyo huokoa maisha katika dharura, hasa mgonjwa akiwa na chakula tumboni, kwa kuwa chakula kikipanda kinaweza kuingia mapafuni.

Maumivu hutoka wapi?

Kabla ya kulegea, misuli hutetemeka kwa muda mfupi. Mgonjwa ameshalala, hahisi kitu, lakini misuli yake imefanya kazi ngumu. Maumivu huanza siku ya kwanza au ya pili, yakashika shingo, mabega, mgongo na mbavu. Kwa kawaida huisha baada ya siku 2 au 3, ingawa kwa wengine hufika wiki. Huwapata zaidi vijana na watu wazima wanaoinuka na kutembea mapema baada ya upasuaji mdogo. Watoto wadogo na wazee hawapati sana.

Namna ya kumuuguza

- Mpe dawa za maumivu alizoandikiwa, kwa saa zake. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mwenye uzito mdogo afuate kipimo cha daktari.
- Msinunue diklofenaki wala ibuprofeni bila kuuliza. Hazifai kwa baadhi ya wenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.
- Mkande shingo na mabega kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Msikande wala kuchua tumbo au sehemu yenye kidonda.
- Atembee taratibu kama alivyoelekezwa, asibebe ndoo wala mzigo.

Mrudisheni hospitali haraka akiwa na:

- mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola;
- homa, au misuli iliyokakamaa;
- kushindwa kuinua mkono au mguu;
- mguu mmoja uliovimba na kuuma;
- maumivu ya kifua au kupumua kwa shida;
- maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Maumivu ya misuli yasiwafanye mdharau dalili hizi.

Kabla ya upasuaji mwingine

Mwambieni mtaalamu wa usingizi kwamba mwili uliuma mara iliyopita. Zipo njia za kupunguza maumivu hayo, na wakati mwingine zipo dawa nyingine za kulegeza misuli.

Mwambieni pia kama mgonjwa, au ndugu yake wa damu, aliwahi kupata joto kali na kukakamaa akiwa chini ya nusu kaputi, au alichelewa sana kurudia kupumua mwenyewe. Matatizo hayo ni nadra, lakini hurithiwa na yanaweza kuua. Kama mgonjwa amekula, semeni ukweli, kwa sababu ukweli huo ndio unaomwongoza mtaalamu kuchagua dawa.

Kabla ya kutoka wodini, ombeni jina la dawa zilizotumika liandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Itunzeni pamoja na kadi ya kliniki, kwani siku ya dharura mgonjwa anaweza asiwe na uwezo wa kujieleza.