Mukono wa Yosefu juu ya macho ya Yakobo

Kusoma: Mwanzo 46:1-4, Luka 7:1-10



Yakobo alipoogopa kushuka Misri katika uzee wake, Mungu alimuahidia mambo makubwa: taifa, na kurudishwa. Lakini mwisho wa ahadi ile ni jambo dogo: Yosefu ndiye atamufunga macho. Mungu alijua kwamba muzee anataka kufa akiwa na mukono wa mutoto wake juu yake. Basi mutu asiseme kwamba jamaa zinazogombana na waganga kwa mulango wa hospitali ni za wajinga tu.

Tulipita katika jambo hilo hapa Kivu ya Kaskazini. Ebola, mara ya kumi katika inchi yetu, ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 walishikwa, 2,287 wakafa. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na za vita na siasa siziingilii hapa. Moja ninaijua, kwa maana ilipita nyumbani mwetu.

Baba mukubwa wangu aliingia kituoni kwa miguu yake. Siku tatu hatukumuona. Tulipouliza, tulijibiwa kwa Kifaransa kwamba anaendelea. Anaendelea na nini? Vijana wa jamaa, na wawili wa kwaya yetu, wakapanga kumutoa usiku ili tumuwekee mikono. Mimi shemasi nilikuwa hapo. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, na hiyo ndiyo zambi yangu katika habari hii. Alikufa mbele ya usiku kufika.

Waganga walikuwa na haki, tusidanganyane. Virusi ya Ebola inazidi kujaa mwilini kadiri mugonjwa anavyokaribia kufa. Damu yake na matapiko yake vinaambukiza, na maiti inaambukiza sana. Mukono wa Yosefu ungemuua Yosefu, naye angepelekea ndugu zake kumi na mmoja.

Na sisi tulikuwa na haki ya kuona na kuambiwa kweli. Kule Beni shirika ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki inayoangaza, vinavyoitwa CUBE. Muuguzi anaingiza mikono katika glavu zilizofungwa ukutani, na jamaa wanasimama nje wanamuona mugonjwa wao. Kumbe iliwezekana! Mutu anayeona baba yake akinyweshwa maji hasadiki tena kwamba wanamukata viungo wakauze.

Kuhusu kuweka mikono: kanisa letu linafanya hivyo, na hatutaacha. Lakini musome tena Luka 7. Yesu hakufika katika nyumba ya yule mukubwa wa askari, na mutumishi wake hakuguswa. Waliosimama njiani wakimuombea walitosha. Tungaliweza kusimama kwa uzio na kuimba, naye angalitusikia.

Miezi kisha, muuguzi aliyekuwa ndani siku ile alinitafuta nyuma ya ibada. Akasema baba mukubwa aliomba wimbo, naye hakuujua. Basi akamushika mukono kwa glavu mbili mpaka mwisho, akamufunga macho. Wakati ule wote tulikuwa tukimuita adui. Nilimuuliza sababu gani hakutoka kutuambia. Akajibu kwamba tulikuwa na mawe mikononi.

Kwa mazungumuzo ya Jumatano: mugonjwa wenu akilazwa kesho, nani katika jamaa atasema na waganga, na atawauliza nini kwanza?