MAKOFI SI ZAMU YA KUSEMA
Somo la matawi: namna ya kujibu lawama juu ya wasemaji wa mikutano yetu



Somo letu la leo linahusu lalamiko moja linalosikika mara kwa mara baada ya semina na mikutano. Halisikiki katika vyama vya wafanyakazi peke yake. Linasikika pia katika mikutano ya walimu, ya wauguzi na ya mafundi. Watu wakisha kurudi nyumbani wanaitazama ratiba, kisha wanauliza: "Mbona wasemaji wote walikuwa wa namna moja?" Pengine walikuwa wanaume watupu. Pengine walikuwa makarani na mafundi, na hakuna mkata miwa hata mmoja. Pengine walikuwa watu wa makao makuu wanaojua Kiingereza, na wachuma chai waliojaza ukumbi walikaa kusikiliza tangu asubuhi mpaka jioni.

Kiongozi akiletewa lalamiko hili hufanya nini? Wengine hukasirika, wakasema hao ni wachochezi wanaotaka vyeo. Wengine hucheka kidogo, wakasema asante kwa maoni, na jambo likaishia hapo. Njia zote mbili hazifai. Kujibu lawama ya namna hii ni kazi ya chama, kama vile kujadiliana na mwajiri ni kazi ya chama. Ina utaratibu wake, na utaratibu huo unaweza kufundishwa.

1. KWA NINI MSEMAJI NI JAMBO KUBWA

Kuna wanaosema: "Msemaji ni msemaji tu. La maana ni ujumbe." Lakini ujumbe hutoka wapi? Hutoka katika yale mtu aliyoyaona na kuyabeba mwenyewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu wa mashine atazungumza juu ya vumbi, kelele na malipo ya saa za ziada, na ni haki yake. Lakini si rahisi akumbuke kwamba mchuma chai mwenye mtoto mchanga hana mahali pa kumnyonyeshea, au kwamba njia ya kurudi kambini usiku haina taa. Jambo lisilotajwa mkutanoni haliandikwi katika madai. Lisiloandikwa katika madai haliingii katika mkataba. Na lisilokuwamo katika mkataba, mwajiri hana deni nalo.

Tutazame mfano wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Washington, Marekani, mwaka 1919. Moja ya mambo yaliyojadiliwa ni uzazi wa wanawake walio kazini. Hata hivyo hakuna mwanamke aliyekuwa mjumbe mwenye kura. Wanawake waliokuwamo walikuja kama washauri wa wajumbe wanaume. Wanawake wa vyama vya wafanyakazi waliliona hilo, wakaitisha mkutano wao wenyewe wa kimataifa katika mji huo huo na wakati huo huo, wakaandika madai yao.

Mkataba Namba 3 uliotoka mwaka huo ulikuwa mzuri kwa siku zile. Ulimpa mama wiki sita za mapumziko baada ya kujifungua, haki ya kuondoka kazini wiki sita kabla, na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Lakini ulihusu viwanda na biashara. Wanawake wa mashambani hawakuwamo. Mwaka 1921 walitolewa pendekezo tu, na pendekezo halifungi nchi kama mkataba unavyofunga. Iliwabidi wangoje mpaka Mkataba Namba 103 wa mwaka 1952 ndipo nao wakatajwa. Yule asiyekuwamo chumbani ndiye aliyesahauliwa kwanza.

2. KISA CHA WASHINGTON, 1963

Miaka 44 baadaye, katika mji ule ule, ulitokea mkutano mwingine ambao unatufundisha namna lawama ilivyojibiwa. Tumekichagua kisa hiki kwa sababu mkuu wa shughuli yote alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, na mtu mwema.

Jina lake A. Philip Randolph. Tangu mwaka 1925 aliongoza chama cha watu weusi waliohudumia wasafiri katika mabehewa ya kulala ya treni za Marekani. Walipambana miaka 12, na mwaka 1937 kampuni ikatia sahihi mkataba. Tarehe 28 Agosti 1963 yeye na wenzake waliongoza maandamano makubwa ya kudai kazi na uhuru. Walihudhuria watu wapatao 250,000. Walidai mshahara wa chini wa kumtosha mtu kuishi, na walidai sheria ya mshahara iwafikie wale iliowaacha nje. Katika sheria ya mwaka 1938 walioachwa nje ni pamoja na wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na wanawake weusi wengi walikuwa katika kazi hizo.

Sasa tazameni ratiba. Viongozi kumi walioitisha maandamano wote walikuwa wanaume. Waliopangiwa hotuba kuu wote walikuwa wanaume. Katika kamati ya matayarisho kulikuwa na mwanamke mmoja, Anna Arnold Hedgeman. Katikati ya mwezi wa Agosti, siku chache kabla ya maandamano, alimwandikia Randolph barua. Alieleza kwamba wanawake wamebeba mzigo mkubwa katika mapambano haya, na haielekei kuwa hakuna hata mmoja miongoni mwa wasemaji.

Mwanamke mwingine, mwanasheria Pauli Murray, naye aliandika. Randolph alikuwa amekubali kuhutubia katika klabu ya waandishi wa habari ambamo waandishi wanawake walikalishwa juu katika roshani. Murray alimkumbusha kwamba kupelekwa roshani na kupelekwa nyuma ya basi ni jambo moja. Randolph alikwenda kuhutubia vivyo hivyo. Huyu Murray hayuko mbali nasi sana. Alikuwa rafiki wa Maida Springer, mwanachama wa chama cha washona nguo cha New York, ambaye wazee wa vyama vya Kenya na Tanganyika walimfahamu tangu miaka ya 1950 kwa kazi aliyoifanya pamoja nao.

Wanawake walijibiwa nini? Dorothy Height, kiongozi wa baraza la wanawake weusi, ameeleza kwamba waliambiwa wanawake tayari wamewakilishwa, kwa kuwa kila chama kina wanawake ndani yake. Walipozidi kusisitiza, ratiba iliongezwa kipengele cha kuwasifu wanawake wapiganaji. Siku yenyewe walitajwa majina, wakasimama, wakapigiwa makofi, wakakaa. Daisy Bates, aliyewaongoza wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya wazungu mjini Little Rock mwaka 1957, alisema maneno machache tu. Mahalia Jackson aliimba. Hotuba kuu zikabaki kwa wanaume.

Hapa ndipo penye somo. Wanawake waliomba zamu ya kusema, wakapewa sifa. Sifa ni kitu kizuri, lakini aliyesifiwa hakueleza dai lake. Ndiyo maana kesho yake, tarehe 29 Agosti, wanawake walikutana peke yao kujiuliza sasa wafanye nini. Mwaka 1964 Murray alitetea kwa maandishi neno la kuwalinda wanawake katika sheria mpya ya ubaguzi wa kazini, na neno hilo likabaki katika sheria. Mwaka 1966 yeye na Hedgeman walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kipya cha wanawake. Kazi waliyoweza kuifanya ilionekana wazi, nayo ingeweza kusikika jukwaani tangu 1963.

3. MAJIBU MANNE YASIYOFAA

Majibu yale ya zamani tunayasikia mpaka leo, hata huku kwetu.

Jibu la kwanza: "Mbona wamo ndani ya chama?" Kuwamo si kusema. Mwanachama anayelipa ada kila mwezi na hasikiki ni mlipaji tu.

Jibu la pili: "Hatukumpata anayeweza." Ulimtafuta wapi? Ukiwauliza marafiki zako, utaletewa marafiki zako. Mama anayebishana na karani wa mizani kila jioni mpaka kilo zake zinaandikwa sawa anajua kujenga hoja.

Jibu la tatu: "Hajui Kiingereza." Basi aseme Kiswahili, au lugha ya kwao, na mkalimani awepo. Katika mashamba yetu wamo watu wa makabila mengi, na wengine wametoka ng'ambo ya mpaka. Mkutano wa wafanyakazi unaoendeshwa kwa lugha ya menejimenti umekwisha kuwafungia nusu ya watu mlango.

Jibu la nne: "Mnavunja umoja, ngojeni tushinde kwanza." Aliyengoja toka 1919 mpaka 1952 angejibu vizuri hapo. Umoja huvunjika pale watu wanapoona kwamba wanahitajika siku ya mgomo na hawahitajiki siku ya ratiba.

4. NAMNA YA KUJIBU

Kwanza, sikiliza mpaka mwisho. Usianze kwa kuuliza nani amewatuma. Lalamiko liandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwa maneno ya mlalamikaji.

Pili, hesabu. Chukua ratiba na daftari la wanachama. Tuseme tawi lina wanachama 400, na 240 kati yao ni wanawake. Semina ilikuwa na wasemaji 6, wote wanaume. Hapo hakuna haja ya kubishana, hesabu imekwisha kusema. Hesabu na dakika pia: nani alipewa saa nzima, na nani dakika tano kabla ya chakula?

Tatu, jibu kwa mambo yanayoweza kupimwa. "Tutalifikiria" si jibu. Jibu ni kusema kitakachobadilika, lini, na nani atakisimamia. Kama bado kuna siku kabla ya mkutano, badilisha ratiba hiyo hiyo, usingoje ya mwakani.

Nne, toa zamu yenyewe. Kufungua kwa sala, kuongoza wimbo na kushukuru wageni si zamu ya kusema. Zamu ya kusema ni mada ya mishahara, usalama kazini au mkataba, pamoja na muda wa kuulizwa maswali na kuyajibu. Wala mwanamke asiitwe kuzungumza mambo ya wanawake tu, wala mtu wa kibarua mambo ya vibarua tu. Na wawemo katika kamati inayopanga ratiba, maana ratiba ikisha kupigwa chapa ni vigumu kuibadilisha.

Tano, ondoa vizuizi. Mkutano wa saa kumi na mbili jioni unamkosa mama anayepika na mtu wa zamu ya usiku. Tazama nauli, mahali pa watoto, na malipo ya siku aliyoacha kazi. Anayesema kwa mara ya kwanza apewe siku za kujitayarisha, na mwenzake wa kufanya naye mazoezi.

Sita, rudi utoe taarifa. Katika mkutano unaofuata, katibu asome lile lalamiko, asome ahadi, aseme lililotimizwa na ambalo bado.

Na wewe mlalamikaji una wajibu wako. Fanya kama Hedgeman: andika mapema, siku ikiwa haijafika. Fika na majina ya watu wawili watatu wanaoweza kusema, na mada watakayoisema. Lalamiko lenye majina ni gumu kulikwepa.

5. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

(a) Katika mikutano yetu mitatu iliyopita, ni nani waliosema na kwa dakika ngapi? Linganisheni na daftari la wanachama.

(b) Ni kundi gani la wafanyakazi kazini kwetu halijapata kusema hata mara moja? Ni dai gani lao halimo katika mkataba wetu wa sasa?

(c) Kati ya majibu manne yasiyofaa, ni lipi husikika zaidi hapa kwetu? Mngelijibu vipi?

(d) Tajeni wanachama watatu ambao hawajapata kuhutubia, na mada ambayo kila mmoja anaijua kuliko viongozi. Ni nani atakayewaona kabla ya kikao kijacho?