Pa Kulala Unguja Siku za Tamasha la Jahazi

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo wengi tunaliita Tamasha la Nchi za Jahazi, lilianzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kwa anayependa filamu za ukanda huu, sijui mahali pengine ambapo kijana aliyepiga picha Temeke anaweza kukaa benchi moja na mtengeneza filamu wa Nairobi, Durban au India, wakaitazama kazi ya mwenzao na kuijadili hadi usiku. Na bado kila mwaka wapo vijana wa Mwanza, Arusha, Mombasa na Kampala wanaobaki makwao kwa sababu moja tu. Wamefungua simu, wakaona bei ya chumba Mji Mkongwe imeandikwa kwa dola, wakaona safari hiyo si ya watu kama wao. Nawaandikia hao, kwa kuwa bei ile ya kwenye simu ni bei ya mtalii, na wao si watalii.

Anza na tarehe. Kwa miaka mingi tamasha lilizoeleka kuwa la Julai, lakini mwaka 2023 lilianza mwishoni mwa Juni, na mwaka 2024 likafanyika mwanzoni mwa Agosti. Wiki hizo chache zina uzito mkubwa mfukoni, kwa sababu kinachopandisha bei ya vyumba Unguja si filamu bali likizo za shule za Ulaya. Shule zikifungwa Julai na Agosti, familia humiminika visiwani, na mawakala wa utalii huwa wameshashika vyumba miezi mingi kabla. Tamasha likiangukia Juni, bado una nafasi ya kuzungumza bei. Likiangukia Agosti, unagombea vilivyobaki. Basi usilipe fedha isiyorudishwa mpaka waandaaji wenyewe watangaze siku, na wakishatangaza, anza kupiga simu siku hiyo hiyo. Wengi hungoja ratiba ya filamu itoke ndipo waamue. Ratiba hutoka mwishoni, na wakati huo vyumba vya bei ya chini vimekwisha. Tazama pia kalenda ya nyumbani: Saba Saba na Nane Nane huleta watu wengi kutoka bara, na boti hujaa hata kabla ya vyumba.

Sasa jambo ambalo wageni wengi wa tamasha hawalijui, nalo ndilo linaloshusha bei kuliko jingine lolote. Mtalii wa kawaida hulala Mji Mkongwe usiku mmoja au miwili, kisha huenda zake Nungwi au Paje kutafuta bahari. Mwenye gesti kila mara anafua mashuka, anasafisha, anasubiri mgeni mwingine, na katikati anabaki na usiku ambao chumba kimelala kitupu. Wewe unakuja kukaa siku nne, tano, pengine wiki. Kwa mwenye nyumba wewe ni mgeni bora kuliko yule wa dola, lakini hatalijua hilo usipomwambia. Usiulize "chumba bei gani?" Sema utakaa siku ngapi, kisha uulize bei ya siku zote kwa pamoja. Na ukiwa tayari kuhamishwa chumba katikati ili mtalii aliyetangulia kuweka nafasi apate chake, litaje hilo mapema, kwani linamrahisishia mwenyeji kazi na anaweza kukupunguzia zaidi.

Piga simu au tuma ujumbe kwenye namba ya nyumba yenyewe. Mitandao ya kuhifadhi vyumba hukata kamisheni, na kamisheni hiyo imo ndani ya bei unayoiona. Itumie mitandao hiyo kutambua nyumba ilipo na kusoma waliolala pale wanasemaje, kisha mtafute mwenyewe. Na uandike kama mtu anayezungumza na mtu: "Assalaam alaykum, shikamoo mama. Naitwa fulani, natokea Dodoma. Nakuja kwa ajili ya tamasha la filamu, nitakaa siku tano, tupo wawili, sote wanawake. Naomba bei ya mkaazi kwa siku zote tano, chumba cha feni." Ujumbe huo mfupi umeshajibu karibu kila swali ambalo mwenye nyumba angekuuliza, na umemwonyesha heshima. Nyumba nyingi zina bei mbili, ya mkaazi na ya mgeni wa nje, na ya mkaazi haitajwi usipoiomba. Mtanzania awe na kitambulisho cha taifa mkononi. Mkenya, Mganda au Mkongomani aulize kama kuna bei ya Afrika Mashariki. Wapo wenye nyumba wanaokubali, na kuuliza hakugharimu kitu.

Nimetaja feni kwa makusudi. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na usiku Unguja huwa na ubaridi wa kupendeza. Chumba chenye kiyoyozi ni ghali zaidi, na katika miezi hiyo unalipia kitu utakachokizima. Chandarua kizima ni muhimu zaidi.

Kuhusu mahali, usipime umbali kwa kilomita za mchana. Kwa miaka mingi maonyesho makubwa yamefanyika usiku Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, mkabala na bustani ya Forodhani. Filamu ya mwisho ikiisha kunaweza kufuata muziki, na mazungumzo ya nje ya ukumbi, ambayo kwa mtengeneza filamu mchanga yana faida kuliko semina nyingi, huanza hapo. Kwa hiyo jiulize: saa sita usiku nitarudi vipi? Tuseme chumba cha Bububu, kiasi cha kilomita kumi kaskazini mwa mji, ni shilingi 30,000, na teksi ya usiku wa manane inakutoza 20,000. Chumba cha Kiponda cha 45,000 ambako unarudi kwa miguu ni rahisi kuliko hicho, na zaidi ya fedha, hutalazimika kuondoka katikati ya mazungumzo ukiwahi usafiri. Mchana daladala za Bububu, namba 502, na zile za uwanja wa ndege, namba 505, zinafika mjini bila shida. Usiku zinapungua mpaka huoni hata moja.

Shangani na pembezoni mwa Forodhani ndiko kwenye hoteli za kutazama bahari, na bei yake inajulikana. Ingia ndani ya vichochoro, Kiponda, Malindi, Mkunazini, Kajificheni, utakuta gesti za familia zenye vyumba vya kawaida, choo cha kuchangia, na chai ya asubuhi ndani ya bei. Malindi ina faida nyingine: ukishuka boti unafika kwa miguu. Zipo pia hosteli zenye vitanda vya dabodeka, ambako unalipia kitanda badala ya chumba. Kwa mtu aliye peke yake na asiye na vifaa vya thamani, hiyo ni njia nzuri, na utakutana na wenzako wa tamasha. Mwenye kamera na lenzi asilale humo kabla hajaona kabati la kufungia.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni kuvuka Darajani. Ng'ambo ndiko wanakoishi wengi wa watu wanaoufanya Mji Mkongwe uende: wapishi, waongozaji watalii, walimu, wauza duka. Kikwajuni, Kisiwandui, Vikokotoni, Mlandege, Michenzani penye yale majumba marefu yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume, kote huko ni mwendo wa miguu usiozidi nusu saa hadi Ngome Kongwe, kupitia barabara zenye watu na taa. Watalii hawalali huko, basi bei haifuati msimu wa watalii. Ziko gesti za wafanyabiashara wanaotoka Pemba na bara, na iko mikahawa ambako chai, maandazi na maharage ya asubuhi yatakugharimu sehemu ndogo ya kifungua kinywa cha Shangani. Sielewi kwa nini tamasha la watu wetu lifikiriwe kama jambo la mtaa mmoja wa hoteli wakati mji mzima upo.

Mkiwa watu watano au sita, tafuteni nyumba nzima badala ya vyumba. Fleti za kupangisha kwa muda mfupi zipo Michenzani, Kilimani, Mazizini na Kiembesamaki, na mkiwa wengi hata teksi ya usiku hugawanyika. Hapa kuna taratibu za kufuata. Zanzibar kila shehia, yaani mtaa, ina kiongozi wake aitwaye sheha, na mgeni anayelala kwenye nyumba ya mtu anapaswa kujulikana kwake. Mwambie mwenyeji wako akupeleke au atoe taarifa, na uwe na nakala ya kitambulisho au pasipoti. Sheha akikufahamu, siku ukipotelewa na kitu au ukiugua usiku, una mtu wa kukimbilia. Pia ulizeni mapema kama mwenye nyumba anakubali wanaume na wanawake kulala nyumba moja. Familia nyingi hazikubali wasio ndugu wala mke na mume, na kulijua hilo mkiwa bado Dar es Salaam ni afadhali kuliko kulijua mkiwa mlangoni na mizigo. Pombe ndani ya nyumba ya familia, muziki wa sauti usiku, kaptura uani, yote hayo yaacheni. Mnapangishwa kwa bei ya undugu, na bei hiyo ina adabu zake.

Kwa wanaotoka nje ya nchi, hesabu ya malazi ina mambo mawili ya kuongeza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje hulazimika kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Wa nchi jirani aangalie kiwango kinachomhusu kabla ya kusafiri. Pili, kuna tozo ya serikali kwa kila mgeni kwa kila usiku. Baadhi ya nyumba huiweka ndani ya bei, nyingine huidai siku ya kuondoka. Uliza neno kwa neno: "Bei hii ni pamoja na tozo?"

Ukifika bandarini Malindi bila chumba, utapokewa na papasi. Kazi yake ni kukupeleka kwenye gesti, na gesti humlipa kwa kukuleta. Malipo hayo huongezwa kwenye bei yako, na hata kama nyumba uliijua mwenyewe, akiingia na wewe mlangoni amekuleta yeye. Mshukuru kwa upole, mwambie unangojewa na mwenyeji, endelea na safari. Ndiyo maana kuweka angalau usiku wa kwanza kabla ya kusafiri ni busara, hata kwa anayetaka kutafuta chumba bora akishafika. Panda boti ya asubuhi: kutoka Dar es Salaam ni kiasi cha saa mbili, unashuka ukiwa na mchana mzima wa kuzunguka. Msimu wa kusi bahari huchafuka, mwenye kutapika anywe dawa kabla ya kupanda.

Chumba kionwe kabla ya fedha kutoka. Fungua bomba la maji ukiwa ghorofa ile ile utakayolala, kwa kuwa nyumba za kale zina maji chini na ghorofani hayapandi mota ikizimwa. Jaribu komeo kwa ndani, na mwanamke anayesafiri peke yake aulize nani mwingine ana ufunguo. Uliza umeme ukikatika inakuwaje, maana kamera na kompyuta zinahitaji kuchajiwa. Uliza pia mlango mkubwa unafungwa saa ngapi. Nyumba nyingi za familia hufunga mapema, na wewe unarudi baada ya filamu ya mwisho, kwa hiyo makubaliano ya ufunguo au ya mtu wa kukufungulia yafanywe siku ya kwanza. Dirisha likielekea msikiti, utaamka alfajiri kwa adhana. Anayelala saa nane usiku achague chumba cha upande wa pili.

Ukitakiwa malipo ya awali kwa simu, lipa sehemu, si yote. Kabla ya kuingiza namba ya siri, soma jina linalojitokeza. Kama si la mwenye nyumba wala la biashara yake, acha kwanza, mpigie umuulize. Tunza ujumbe wa malipo, na mwombe akuandikie tarehe ya kuingia, ya kutoka na bei mliyokubaliana. Anayekataa kuandika mistari mitatu hastahili shilingi yako.

Mtengeneza filamu ambaye kazi yake imechaguliwa ana swali la ziada la kuuliza, na aliulize kwa maandishi: tamasha linanigharamia malazi, na kama ndiyo, kwa siku ngapi na kwa watu wangapi? Mara nyingi matamasha humhudumia mtu mmoja kwa siku chache, naye anakuja na mwigizaji na mpiga picha akidhani wote wamealikwa. Wanaojitolea waulize vivyo hivyo, kwani kupewa kazi si kupewa kitanda.

Msikodi chumba Nungwi au Paje kwa nia ya kuchanganya ufukwe na filamu. Nungwi ni kama kilomita 60, Paje karibu 50, na usiku hakuna daladala ya kukurudisha. Ufukwe wekeni baada ya tamasha, siku mbili za mwisho, wakati kila mtu amekimbilia boti ya kesho yake asubuhi. Boti hiyo hujaa kuliko zote. Anayebaki siku moja zaidi hupata kiti bila kusukumana, na mara nyingi hupata pia chumba kwa bei ndogo kuliko aliyolipa wiki nzima, maana nyumba imebaki tupu na mwenye nyumba sasa anamfahamu kwa jina. Hapo ndipo pa kuzungumzia chumba cha mwaka ujao.