Blanketi Si Moto Wala Si Baridi

Somo letu la leo ni joto: vipi hupita katika vitu, na vipi huzuiwa lisipite. Vijana wanaosoma skuli watalikuta katika vitabu vyao vya sayansi, lakini tumelileta hapa kwa sababu ya jambo lililotokea darasani kwetu, lililotuonyesha ya kuwa hata sisi watu wazima tumelielewa kinyume.

Siku hiyo kililetwa kipande cha barafu kwa ajili ya maji ya kunywa. Kijana mmoja akataka kukifunika kwa blanketi kisiyeyuke upesi. Mzee mmoja akamkataza, akamwambia, "Mwanangu, una wazimu? Blanketi lina moto! Litaiyeyusha barafu sasa hivi." Wengi waliokuwapo walimuafiki, na mimi nakiri nilinyamaza, kwani niliona maneno ya mzee yana njia. Kijana akaomba kwa adabu tujaribu. Tukavunja barafu vipande viwili vilivyo sawa, tukatia kimoja katika bakuli, tukakiacha wazi, na cha pili katika bakuli la namna ile ile, tukalizungushia blanketi la sufu lililokunjwa mara nne. Darasa lilipokwisha tukatazama. Cha wazi kilikuwa maji matupu, na cha ndani ya blanketi kingalipo, kimepungua tu. Mzee akacheka, akasema, "Basi kumbe blanketi ni baridi!"

Hapo nikaona ya kuwa somo ndilo kwanza laanza, kwani blanketi si moto wala si baridi.

Na ijulikane kwanza kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana, na chembe hizo hazitulii kamwe. Kitu kikipata moto, chembe zake hutikisika kwa nguvu zaidi. Ukitia kijiko cha chuma katika chai inayochemka, chembe za ncha iliyomo ndani ya chai hutikisika, zikazigonga za jirani, na hizo zikazigonga zilizo mbele yake, mpaka mtikisiko ukafika mkononi mwako. Huo ndio mpitisho wa joto. Metali zina jambo la ziada: ndani yake mna chembe ndogo zaidi, ziitwazo elektroni, ambazo baadhi yake hazikufungwa mahali pamoja, bali hutembea huku na huku na kulichukua joto kwa wepesi mkubwa. Mbao haina elektroni huru kama hizo, na kwa hiyo mpishi hukoroga uji kwa mwiko bila ya kuungua mkono.

Joto siku zote hutoka penye moto likaenda penye ubaridi, mpaka pande mbili zilingane. Ama baridi, hiyo si kitu kinachosafiri. Twasema "funga mlango baridi isiingie", na kwa mazungumzo haidhuru, lakini anayeingia ni upepo, na kinachotutoka ni joto letu.

Jaribu jambo hili nyumbani kwako asubuhi, kabla jua halijapiga mlango. Weka mkono mmoja juu ya komeo la chuma na wa pili juu ya ubao wa mlango. Utaapa kwamba komeo ni baridi zaidi. Lakini vitu hivyo vimelala pamoja usiku kucha, na ukivipima kwa kipimajoto utaviona sawasawa, tuseme nyuzi 25. Ngozi ya mkono wako ina nyuzi 33 hivi. Chuma hulivuta joto la mkono na kulisambaza mwilini mwake upesi. Ubao hulipokea polepole. Mkono basi haupimi joto la kitu, wapima mbio za joto linaloutoka au kuuingia. Na komeo hilo hilo likipigwa na jua la adhuhuri, mambo hugeuka: litakuchoma, na ubao ulio kando yake utauvumilia.

Sasa turejee kwenye blanketi. Kinachozuia joto ndani yake si sufu peke yake. Zaidi ni hewa iliyonaswa baina ya nyuzi zake. Hewa iliyotulia ni katika vitu vizito mno kupitisha joto. Shaba nyekundu huishinda kwa zaidi ya mara 15,000, chuma cha kawaida kwa zaidi ya mara 1,000, na mbao kavu kwa mara chache tu. Sharti lake ni hilo la kutulia, kwani hewa ikipata nafasi ya kuzunguka hulibeba joto na kwenda nalo. Nyuzi za sufu, pamba ya sufi ndani ya godoro, na makuti ya paa, vyote kazi yake ni kuifunga hewa katika vijumba vidogo isizunguke. Blanketi likirowa, maji huingia mahali pa hewa, nayo hupitisha joto kuliko hewa kwa zaidi ya mara 20, ndipo likawa halifai kitu.

Wafanyi biashara walilitumia jambo hili zamani. Mwaka 1833 Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alipeleka barafu Calcutta, Bara Hindi, kwa merikebu iitwayo Tuscany. Ilipakiwa tani 180 hivi, ikasafiri miezi minne na kuivuka Ikweta mara mbili, na ilipofika zilikuwa zimesalia tani kama 100. Hapakuwa na mashine ya baridi. Biashara hiyo ilisimama kwa vitu kama unga wa mbao na nyasi kavu.

Kwa hiyo blanketi ni kizuizi tu. Likiwa juu ya barafu, hulizuia joto la nje lisiingie. Likiwa juu ya mtu, hulizuia joto la mwili lisitoke, na joto hilo, nyuzi 37 hivi, mwili wenyewe ndio ulioliunda. Halina lake la kutoa.

Na hapa pana jambo ambalo si la vitabuni tu. Mtoto akishikwa na homa, mwili wake ukafika nyuzi 39 au 40, wengi wetu humrundikia mablanketi ili "atoke jasho". Joto lake lataka kutoka, nasi twalifungia ndani! Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mwanangu, nikamchukua hospitali amefungwa kama mzigo, na muuguzi aliyetupokea alimfunua kabla ya kuniuliza jina lake. Mtoto mwenye homa yamtosha nguo au shuka moja nyepesi na maji ya kunywa, na apelekwe akapimwe damu siku ile ile, kwani huku kwetu homa huenda ikawa ni malaria.