Somo kwa Walimu na Wazazi juu ya Kazi za Mradi na Vyombo Vipya

Si siku nyingi zilizopita tuliitwa katika shule moja ya milima yetu hii ya Usambara, kusikiliza watoto wa kidato cha kwanza wakisoma kazi zao za mradi. Wazazi wasioijua kazi hiyo na wajue: mwalimu huwagawa wanafunzi makundi makundi, huwapa jambo la kuchunguza kwa muda wa majuma kadhaa, nao huandika waliyoyapata na kuyasoma mbele ya wenzao. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 wataka mwanafunzi afanye kwa mikono yake, asikariri tu, nasi twaona ni vema. Jambo walilopewa watoto hao lilikuwa udongo unavyochukuliwa na mvua katika mashamba ya mteremko. Hapana jambo la kwetu kuliko hilo.

Makundi yalikuwa manne. Matatu yalikuja na karatasi safi za kompyuta, zenye picha za rangi na jalada la plastiki. La nne lilikuja na daftari lililolowa upande mmoja, limeandikwa kwa mkono na kufutwafutwa. Makundi matatu yaliposoma, watu walipiga makofi, na sisi wageni tulikuwa wa kwanza kupiga. Kundi la nne tuliwasikiliza kama watu wasikilizavyo tangazo la mwisho, hali jua limekuwa kali na njaa imeingia. Mwalimu akatoa alama, na kundi la nne likawa la mwisho.

Jioni tulipopewa kazi zile tuzitazame, ndipo tulipoona haya. Karatasi za makundi matatu zilikuwa na maneno yale yale, ila majina ya watoto tu ndiyo mengine. Tena katika ukurasa wa pili zote zilisema ya kwamba theluji iyeyukapo katika milima ya Lushoto huongeza maji yachukuayo udongo. Theluji! Wazee wetu wa Mlalo na Mtae waijua baridi ya Juni na Julai, na ukungu uzuiao kuona ng'ombe aliye mbele yako, lakini theluji iyeyukayo mashambani hawakuiona. Tukauliza habari hiyo imetoka wapi. Tukaambiwa kwamba sokoni kuna duka la steshenari. Mwenye duka huuliza akili unde katika kompyuta yake, huprinti majibu, na hutoza fedha kwa kila ukurasa. Wazazi walilipa. Mama mmoja aliuza sado mbili za maharage ili mtoto wake asiaibike.

Na lile daftari lililolowa? Ndani yake mlikuwa na vipimo vya mvua vya asubuhi 31 mfululizo, vilivyopatikana kwa chupa ya maji iliyokatwa. Tena mlikuwa na vipimo vya tope lililojaa katika mtaro chini ya mashamba mawili, moja lenye kingo za majani ya guatemala na moja lisilo na kitu. Asubuhi tisa kati ya hizo hapakuwa na mvua, nao waliandika sifuri, wala hawakuiruka siku hata moja. Kesho yake tulimwendea mwalimu. Akasema, "Mchungaji, hata mimi nimeliona, lakini alama nimekwisha kuzitangaza." Hatukuwa na neno la kumjibu, maana makofi yalikuwa yetu.

Basi tumeona vema kuandika somo hili. Hatuandiki kuvilaumu vyombo. Sisi tulio watu wa gazeti hatuwezi kuvilaumu, maana mtambo wa kupiga chapa wa Vuga nao ulikuwa chombo kipya siku zake, na kwa huo wengi wa babu zetu walipata kusoma. Tena katika shule za kati za miaka ya 1950 chombo cha somo kilikuwa jembe, na shule nyingi zilikuwa na mashamba yao. Hapana aliyesema kwamba jembe limemlimia mtoto. Neno twalotaka kuuliza ni hili: chombo hiki kimetumwa kufanya nini, na mtoto amebaki na kazi gani?

Tuanze na chupa, kwa kuwa haina gharama. Chukua chupa kubwa ya maji ambayo pande zake zimenyooka. Ikate juu, pale inapoanza kuwa nyembamba, kisha kipande cha juu kigeuze ukitie ndani kama mrija wa kumiminia. Kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawa, tia changarawe kidogo, mimina maji mpaka mahali pande ziliponyooka, upige mstari: hapo ndipo sifuri. Toka hapo weka rula, upige alama za milimita. Iweke uwanjani mbali na miti na mapaa, uifunge katika kigingi isianguke. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto asome, aandike, amwage mpaka mstari wa sifuri. Jua likipunguza maji chini ya mstari, na ayajaze tena.

Sasa hesabu yake ni nzuri mno. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si mvua ya ajabu, ni lita 20 katika kila mita ya mraba, yaani ndoo moja nzima. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwa hiyo usiku mmoja ekari ile imemwagiwa ndoo elfu nne na zaidi, nayo iko mteremkoni! Mtoto akiisha kuihesabu hiyo kwa kidole chake, hahitaji kuambiwa na mtu kwa nini udongo wa juu umeonekana mtoni.

Hapa ndipo simu iingie. Simu janja yaweza kutoa habari ya mvua ya mahali ulipo, na watoto huisadiki kwa sababu ina picha ya wingu. Lakini habari ile mara nyingi si ya kupimwa. Imekadiriwa kwa hesabu za mitambo mikubwa juu ya eneo la kilometa nyingi, nayo milima yetu haikubali kukadiriwa hivyo. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni mwendo wa kilometa 33 tu kwa barabara, lakini Mombo ni tambarare ya joto, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Wala hatusemi kwamba simu ni ya uongo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutusaidia kujua siku za kupanda. Twasema mtoto na aandike safu mbili, moja ya chupa na moja ya simu, kisha aseme zilikosana siku zipi na kwa nini. Hiyo ni kazi ya mradi. Hapo zamani habari ya mvua ilikuwa ya Simba Mwene kule Vuga. Leo mtoto wa kidato cha kwanza aisoma katika chupa.

Kadhalika mteremko. Wakulima waliofundishwa na mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981, wengi walijifunza fremu ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye kamba na jiwe lining'inialo katikati. Mzee aijuaye fremu hiyo haamini alama ya kwanza. Huitazama kamba inapopita kwenye mti wa kati, huweka alama, kisha huigeuza fremu, mguu wa kulia uje kushoto, huweka alama ya pili. Na katikati ya alama mbili ndipo usawa wa kweli ulipo. Simu nayo ina kipimo cha mteremko ndani yake. Ilaze juu ya ubao, soma nyuzi. Igeuze, soma tena. Mara nyingi hesabu mbili hazilingani, nawe wachukua ya katikati. Hekima ni ile ile ya mzee, tena mtoto aliyeanza kwa fremu huielewa simu upesi kuliko mtoto aliyeanza kwa simu.

Neno la tatu latugusa zaidi, nalo ni juu ya wazee. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha ukaenea Usambara. Watu waliamriwa kulima matuta katika mashamba yao. Kazi ilikuwa nzito, wengi waliogopa kwamba mashamba yatachukuliwa, ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1950 sasa amepita miaka 85. Wangapi wamesalia katika mtaa wako? Wale waliosalia wajua mama zao walisema nini juu ya matuta, na kwa nini wengine walisema kwamba yaiharibu nchi badala ya kuiponya, maana kwa Kishambaa kuiponya nchi, *kuzifya shi*, ni neno lenye mvua na mfalme na amani ndani yake. Hayo hayamo kwa wingi katika intaneti. Aulizaye akili unde atapewa maneno laini juu ya kilimo cha matuta yasiyo na mtu ndani.

Basi simu na iwe kinasa sauti. Mtoto na aende na mwenzake, asalimu kama ipasavyo, aeleze sauti itapelekwa wapi na nani ataisikia, aombe ruhusa kabla ya kubonyeza. Hilo si adabu tu. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mzee akikataa, na wakae wamsikilize bila simu. Na mazungumzo yawe kwa lugha ya mzee. Tulijaribu kuiachia programu iandike maneno ya Kishambaa yaliyonaswa, ikatuandikia Kiswahili cha ajabu ambacho hapana aliyekisema. Kwa hiyo kazi ya kuandika na kufasiri ni ya mtoto na bibi yake, nayo huchukua jioni nyingi. Zisikatwe.

Juu ya majani na maua twasema kwa ufupi. Kuna programu ambazo mtu hupiga picha ya mmea, nazo humpa jina. Zafaa, ila zikosea, hasa katika misitu yetu yenye mimea isiyopatikana penginepo. Mfano ni lile ua la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, likaitwa Saintpaulia, na leo limejaa madirishani huko Ulaya. Mwanafunzi ataliona limeitwa pia Streptocarpus, kwa kuwa mwaka 2015 wataalamu waliliunganisha na ndugu zake. Majina yote mawili yana sababu; na ayaandike yote mawili, na jina alitumialo bibi yake pia. Lakini mahali lilipoota asipatangaze, maana wako wang'oao.

Sasa akili unde yenyewe. Hatukatazi. Twaomba tu isiwe ya kwanza kusema. Kundi likiisha kupima na kuuliza, na liipe hesabu zake, liiambie itengeneze mchoro, au iulize maswali ambayo msomaji mgumu angeuliza. Ikitoa habari mpya, watoto waitafute mahali pengine pawili, na wasipoipata waiache. Na kila kundi liandike mwishoni ni neno gani limetoka kwa mtambo. Theluji yetu ingalikamatwa na swali moja tu la mtoto mmoja: nani ameiona?

Limebaki jambo la haki. Shule nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuja na simu, nasi twaelewa sababu; basi simu iliyopo ni ya mwalimu, na watoto ni arobaini au zaidi, na bando ni la mshahara wake. Nyumbani mmoja ana kaka mwenye simu nzuri, mwingine hana hata taa. Alama zikitolewa kwa jalada na rangi, zatolewa kwa mfuko wa mzazi. Kwa hiyo twawaomba walimu waseme tangu siku ya kwanza kwamba watasahihisha daftari la vipimo, lenye tarehe na makosa yake, na ya kwamba karatasi ya kuprinti haiongezi alama hata moja. Na wazazi, fedha ya steshenari ikiwapo, inunueni rula na daftari.

Tulipokuwa tukiondoka shuleni pale, binti mmoja wa kundi la nne alitufuata mpaka barabarani. Akauliza kwa heshima, "Mchungaji, mradi ujao na sisi twende steshenari?" Tulimwambia hapana, na tulimwambia kwa nini, lakini tuliona kwamba alikuwa akikumbuka makofi. Mwalimu ameahidi kulisoma daftari lile mbele ya shule nzima siku ya kufungua muhula, nasi tumeomba tuwepo. Chupa ingali uwanjani. Jumatatu iliyopita ilisoma milimita 14.